Saa Mbili za Jumamosi

Paducah, 12 Septemba 2023

Mdogo wangu Ansel,

Hujambo wewe, na wifi yangu Oneta hajambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi.

Nimepata jarida la klabu yenu ya magobori, nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta! Wewe unayesubu risasi zako mwenyewe, unayechonga hata mdeki wa kushindilia, ndiwe uliyeshindilia risasi bila baruti? Jumamosi tatu mfululizo! Na ile kofia ya kibibi anayovishwa msahaulifu mpaka aende kwao, pichani imekukaa kweli. Kulikoni?

Dada yako,
Delphia

Berea, 20 Septemba

Dada,

Sijambo. Oneta anakusalimia, yaani nakusalimia mimi kwa niaba yake, maana huu ni mwaka wa nne wa ugonjwa wake, na siku hizi yeye humwita mama kila anayeingia. Mikono yake tu ndiyo haijasahau. Nikimpa mkasi na kitambaa cha godoro ananikatia viraka vya kufungia risasi, duara safi kabisa. Mimi navipaka nta na mafuta ya kondoo.

Kuhusu kofia, wacheke tu. Kinachoniuma ni fataki za kuwashia baruti. Zimeadimika madukani, nami nazipasua bure kwenye mtutu usio na baruti. Usiulize zaidi.

Mdogo wako

Paducah, 25 Septemba

Ansel,

Habari za hapo? Goti ni lile lile.

Umesema nisiulize, basi nauliza. Tangu baba akupe gobori lake ukiwa na miaka kumi na miwili hujawahi kusahau baruti. Nimempigia Hobart, mwenyekiti wenu. Anasema unatazama saa, unashindilia, unatazama saa tena. Ukikosea mara ya nne atakutoa mstarini, maana leo umesahau, kesho utatia mara mbili, likupasukie usoni.

Jumamosi, Oneta anabaki na nani?

Dada yako

Berea, 15 Oktoba

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako niliisoma, nikaificha, nikaisoma tena.

Anabaki peke yake. Yule mama wa kanisani aliyekuwa akimwangalia alihamia kwa mwanawe mwezi wa saba. Nilikuwa na kipande cha shaba kilichobaki nilipounda kijaluba cha fataki. Nikakifanya komeo, nikalitia nje ya mlango wa chumba chetu.

Ni saa mbili tu, kila Jumamosi. Siku nyingine zote sitoki. Dukani naye, chooni naye, usingizi wa jicho moja. Nimechoka, dada, nimebanwa mpaka pumzi haishuki. Lakini nikishika pembe ya baruti namsikia akigonga mlango, na nyumba iko maili tisa kutoka pale.

Usimwambie mtu. Naona aibu.

Mdogo wako

Paducah, 18 Oktoba

Ansel,

Hali yako sikuulizi, naijua.

Umekosea, tena vibaya. Moto ungetokea je? Na mimi huku nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe. Ling'oe komeo hilo leo. Niko tayari kuja kukaa nanyi, mimi na goti langu. Lakini sema mwenyewe nije, maana nikija bila kuitwa utanifukuza. Nakujua ulivyo mkaidi.

Dada yako

Berea, 22 Oktoba

Dada yangu,

Hujambo? Mimi si mzima, na sasa naweza kulisema.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jana nikajiambia, mara hii moja tu, ya mwisho. Nikamfungia, nikaondoka. Klabuni sikufika, niligeuza gari njiani.

Nilipokaribia mlango wa chumba nilimsikia akisema polepole, mdomo kwenye tundu la ufunguo: "Tulia, mpenzi. Usilie. Mlango umekwama tu. Nimeshaita mtu aje akutoe."

Alidhani aliyefungiwa ni mimi.

Nikafungua. Akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Pole, Ansel," akasema. Jina langu hajalitaja tangu Pasaka. "Walikufungia humo muda gani?"

"Miaka minne," nikamwambia.

Komeo nimeling'oa. Njoo.

Mdogo wako