Hadithi za Mchana

Ifakara, Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, na mto umeshapanda mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Chakula cha mchana nimekirudisha jikoni kama kilivyokuja.

Naandika nisije nikamtukana mtu.

Darasani nina vijana wakubwa, wengine wameshaota ndevu, waliosalia baada ya vita vya Maji Maji na njaa yake. Akida, mtumishi wa Boma la Wajerumani, ndiye aliyewakusanya, kwa kiboko. Kitabu chetu ni kimoja, kinaanza na sifa za Kaizari na kuishia na sifa za Kaizari. Wakikiona wanapiga miayo, na mimi siwalaumu. Hata mimi kinanitia kinyaa kitabu kinachomwita baba mtu ambaye askari wake walituchomea maghala.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilikaa na bibi yangu nikaandika hadithi zake kwenye karatasi: fisi, sungura, mke wa mamba. Nikazipeleka shuleni nikijua dawa nimeipata. Wapi. Hakuna aliyefungua mdomo. Nilikuwa nimesahau, msomi mimi, kwamba kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia jua likiwaka, mama yake hufa. Na wengi wao wamebakiwa na mama tu.

Limbanga, mzito wa kusoma kuliko wote darasani, ndiye aliyetuokoa. "Mwalimu, tufunge mlango na madirisha," akasema. "Giza likishaingia, si ni usiku?"

Tukafunga, tukawasha taa ya mafuta. Basi wakasoma. Waligombania karatasi, wakasahihishana, wakacheka mpaka machozi. Limbanga alikuwa haendi hata kula. Kwa siku zile niliipenda kazi yangu.

Leo Akida alikuwa anapita njiani, akasikia vicheko, akasukuma mlango. Nilidhani atatuchapa. Afadhali angetuchapa. Alisimama akamsikiliza Limbanga akisoma mfululizo, maneno yanateleza tu, akatabasamu kama mtu aliyenusa nyama ya jirani.

"Huyu anafaa," akasema. "Kuanzia kesho atanisomea amri za Boma vijijini. Tunaanza na Namawala."

Namawala ni kwao Limbanga. Atasimama mbele ya mama yake na wajomba zake, awasomee nani atalima pamba ya Mjerumani na nani atabebeshwa mizigo mpaka Mahenge. Watalisikia neno la Boma kwa sauti ya mtoto wao.

Kisha Akida akanipa mkono, eti hongera, mwalimu, niandalie na wengine. Nikaupokea, mwoga mimi. Mkono huu nimeusugua kwa majivu na bado nauonea kinyaa. Mshenzi yule amechukua kitu kizuri pekee nilichowahi kukifanya hapa, akakifanya kiboko kingine.

Limbanga alikunja karatasi ya bibi, akaniwekea mezani, akatoka kwenye mvua bila kuniaga. Kijana ambaye hajawahi kunipita bila shikamoo.

Ningemchukia Akida peke yake ningelala vizuri.

Kesho wenzake watakuja. Watafunga madirisha wenyewe na kuniomba hadithi, maana sasa wamenogewa. Niwape? Au nianze kuwafundisha kujifanya hawajui kusoma?