Video ya Rubisi

Jumatano, Muleba

Sijaifuta. Mkuu wa shule kanipa hadi kesho asubuhi, na sijaifuta.

Video yenyewe ni ya dakika moja. Baba yangu anakanyaga ndizi kwa nyasi, anachanganya mtama uliosagwa, anafunika kwa majani ya migomba mtumbwi, lile gogo lililochongwa la kuchachushia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nasikika nyuma nikieleza uchachukaji. Jana niliwaonyesha kidato cha tatu. Leo mzazi mmoja kapiga simu kwamba mwalimu wa baiolojia anawafundisha watoto pombe.

"Madamu, utaniponza," mkuu aliniambia. "Ifute."

Nikamjibu kwamba hakuna anayekunywa humo. Akasema wazazi hawatazami hadi mwisho.

Naogopa, nisijidanganye. Sijathibitishwa kazini, na yeye ndiye atakayeniandikia ripoti.

Lakini wiki nzima iliyopita niliandika ubaoni kwa Kiingereza, wakanakili kimya, basi. Jana Koku, ambaye tangu mwaka uanze sijawahi kusikia sauti yake, alisimama: "Kumbe ndiyo maana bibi hutugombeza tukifunua mtumbwi. Anazuia hewa." Darasa zima likaanza kubishana, Kiswahili na Kihaya, hadi kengele.

Aliyepiga simu ni baba yake Koku.

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Maana yake mtoto alifika nyumbani akasimulia somo. Kabla ya jana, somo langu halikuwahi kuvuka geti la shule.

Kesho nitamwomba mkuu amwite huyo baba. Sitajitetea. Koku ndiye atakayeeleza.