Jani la Mmea wa Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo huko ugenini? Wifi naye hajambo, na kile kikohozi chake kimemwachia? Sisi huku wazima, ila Baba hamalizi sahani. Viatu vya watu bado anashona, polepole.

Nina habari isiyopendeza, na wiki nzima nimekuwa nikiizungukazunguka. Ule mmea wa Mama wenye majani manene, kitu pekee ulichoomba nikutunzie uliposhindwa kuja kumzika, umekufa. Umeoza mizizi. Inaniuma mno, ndugu yangu.

Usimkasirikie Baba. Alipoanza kususa chakula nilimpa somo ninalowapa wanafunzi wangu: kila kiumbe hai hula, hupumua, hukua. Alinisikiliza kwa makini, kumbe mwenzangu hakujihesabu miongoni mwa viumbe hao. Kila asubuhi akawa anaumwagia mmea maji, makapi ya chai, hata mchuzi aliobakiza. Nilipomwuliza akasema, "Si umesema chenye uhai lazima kile? Mama yenu hakuwahi kuulaza na njaa." Mwalimu mzima, nilisahau kumwambia kwamba mmea hujitengenezea chakula chake kwa mwanga, hewa na maji kidogo. Hata moyo wa kumgombeza sikuwa nao.

Jana nikifagia karibu na benchi lake la kazi, nikaona jani moja lililodondoka juu ya buti la mteja ambaye hajalifuata. Halina udongo, hakuna aliyelimwagilia, na pembeni limeota vichipukizi vyenye mizizi myembamba kama uzi. Mmea huu hauhitaji dume wala jike ili uzaane. Nikamweleza Baba kwamba kinachochipua pale ni mmea uleule wa Mama, haujabadilika kitu. Akalishika jani, akaniuliza, "Na sisi je, hatuna namna hiyo?" Nikamwambia hatuna.

Jani hilo limo ndani ya bahasha hii. Lilaze juu ya udongo karibu na dirisha, usilizamishe kwa maji. Vichipukizi viwili nimemwachia Baba kwenye kopo. Sasa anavitazama tu, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Shangazi yetu mwoka mikate anakusalimu, na fundi saa wa jirani bado anakuulizia. Mungu akutunze wewe na wa nyumbani kwako.

Lakini njoo, Kijiti. Mama hakutuachia jani la kumchipusha yeye, na Baba ni mmoja tu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwalimu