Joto la Jirani

3 Machi

Dada,

Hujambo? Mama je, mguu umeacha kuvimba? Mimi mzima, ila kazi inanitoa jasho. Mwalimu amenipa meza yako ya maabara, ile ya dirishani, pamoja na chipu uliyoiacha. Mwanga unapita kwenye njia mbili nyembamba za silikoni, kila moja na kijiwaya chake cha kuipasha moto, nami naongeza joto la njia moja ili mwanga wake uhame. Unahama vizuri, lakini wa njia ya pili nao unapotea! Majaribio ni mwisho wa mwezi. Nikishindwa, nafasi ya kazi hapa maabara naikosa. Nisaidie, dada.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Huku salama. Mguu wa mama unapona, ila mdomo wake hauna likizo: kutwa anawasimulia majirani habari za binti yake wa maabara. Siyo mimi huyo. Mimi ni yule wa kukanda mguu.

Barua yako nimeikalia. Jibu nililijua kabla sijamaliza kusoma, lakini ulipotaja meza ya dirishani, wivu ulinishika. Niliiacha kwa sababu lazima mtu abaki na mama, na wewe ulikuwa bado unasoma. Nikasema moyoni, acha naye ahangaike.

Haya, sikiliza. Joto la njia moja linavuja mpaka kwa jirani yake. Ukipandisha huku, punguza kule kidogo, papo hapo. Utaona mwanga unatulia.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo?

Nilipandisha huku, nikapunguza kule, mwanga wote ukatulia. Mwalimu akauliza, "Nani kakufundisha hivi?" Maneno yakaniponyoka, nikakutaja. Hata kunipongeza akasahau. "Mwambie arudi. Nafasi ni yake akiitaka." Na nafasi ni moja, dada.

Hayo aliyasema mwezi uliopita. Nami nimeyakalia kama ulivyoikalia barua yangu. Nakuonea wivu. Anangoja jibu lako hadi mwisho wa mwezi huu. Nilitaka nichelewe kukuandikia, nikashindwa. Barua hii itawahi.

Njoo. Mguu nitaukanda mimi. Naomba kitu kimoja tu: mama akianza kukusifia kwa majirani, afanye hivyo nikiwa sokoni.

Mdogo wako