Mama wa Kibirika

3 Machi

Shikamoo mama,

Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila kuchoka tu. Hapa kwenye udobi wa hospitali mashine moja imekufa, kwa hiyo mashuka ya wodi nne tunayakamua kwa mikono.

Umeuliza kinachoninyima hata nafasi ya kukuandikia. Usicheke: ni katuni. Kibirika, yule birika mdogo anayeishi rafuni peke yake, niliyekuwa namtazama utotoni. Tuna kundi kwenye simu, watu wazima na ndevu zetu. Kila mtu anabuni chombo chake na kuomba kiingie jikoni kwa Kibirika, na mimi ndiye mwamuzi. Juzi kaja mtu anajiita Jirani, kachora birika kubwa lenye mpini uliovunjika, eti mama yake Kibirika, anachemsha chai ya watu kwenye nyumba nyingine. Sasa kanuni ya kwanza niliitunga mwenyewe: Kibirika hana ndugu. Nikamjibu mbele ya wote, "Mama gani huyo? Angekuwepo si angekuja?" Watu mia mbili wakacheka. Tangu hapo ni ugomvi mtupu, wengine wanamtetea. Kichwa kinaniuma.

Mwanao

19 Machi

Marahaba mwanangu,

Magoti yapo, yananibeba kwa kununa. Pole na mashuka.

Jirani ni mimi. Simu ndiyo ya jirani, yule fundi cherehani wa mlango wa pili. Mama yako mdogo aliniambia wewe ndiye unayeamua mambo huko, nikasema nami nibishe hodi, labda tutaongea. Kuchora sijui, nilifuta karatasi mpaka ikatoboka.

Swali lile hukuwahi kuniuliza mimi, ukaenda kumuuliza birika. Haya. Ulipokuwa na miaka minane nilipata kazi ya ndani, ya kulala huko huko, na mwenye nyumba akasema mtoto hatakiwi. Nikakuacha kwa mama yako mdogo. Nilisema miezi, ikawa miaka mitano. Kila saa kumi na moja jioni watoto wa nyumba ile walikuwa wanamwasha Kibirika kwenye televisheni. Mimi nasimama mlango wa jikoni na kitambaa mkononi, natazama, kwa sababu nilijua na wewe unatazama saa hiyo hiyo. Sikuwa na namna nyingine ya kukaa na wewe.

Sijakasirika. Nimechoka tu kuwa mtu asiyekuja.

Mama yako

2 Mei

Mwanangu, hujambo?

Mwezi umepita na zaidi. Nimejitoa kwenye kundi lenu, jirani nimemrudishia simu yake. Kama nimekuaibisha, nisamehe. Kula vizuri.

Mama yako

20 Mei

Shikamoo mama,

Nisamehe kimya. Kila nikishika kalamu hasira za yule mtoto wa miaka minane zinanirudia, halafu naona aibu, naiweka chini.

Birika lako nililirudisha kundini bila kusema Jirani ni nani, nikaomba wapige kura. Wamebishana siku tisa. Mpishi mmoja kasema ule mpini uliovunjika unatosha kueleza kwa nini hakuja. Mwalimu wa chekechea akasema huruma isivunje kanuni. Nimeshindwa kwa kura, mama. Wamenirudishia maneno yangu mwenyewe: angekuwepo si angekuja? Niliwafundisha vizuri mno. Kazi ya uamuzi nimewaachia, nimeng'atuka.

Picha nimeichapisha, iko ukutani juu ya meza yangu ya pasi. Nina swali moja tu. Kile kipindi Kibirika anachemka, anapiga mluzi, na hakuna anayekuja jikoni. Nililia siku ile mpaka mama mdogo akadhani naumwa. Ulikuwa umesimama mlangoni?

Mwanao

4 Juni

Marahaba mwanangu,

Nilikuwepo. Ule mluzi niliusikia, nikadhani ni birika la mwenye nyumba linafurika, nikageuka mbio kurudi jikoni. Niliporudi watoto walikuwa wamezima. Miaka yote hii sijui kiliishaje.

Jumamosi nakuja, na haya haya magoti. Utanisimulia.

Mama yako