Kadi ya Salamu kutoka Mkula

Bariadi, Jumapili usiku, Juni 1998

Na ni mimi niliyesema dukani kwamba hakuna Msukuma atakayelipia salamu. Salamu ni bure kama hewa, niliwaeleza. Hizi redio mpya za watu binafsi zitachoka kuuza kadi zao za salamu madukani.

Leo jioni mzazi mwenzangu wa Mkula, baba wa mume wa binti yangu Kabula, amenisalimu tena redioni. Mtangazaji alisoma kadi yake mpaka mwisho: "Mwalimu, mbona kimya?"

Mke wangu aliacha kupepeta mchele. "Baba Kabula, mkwe anakusalimu kanda nzima ikisikia, wewe unanyamaza. Mwanao anaishi kwenye mji wa nani?"

Nikasema nitapanda basi nikampe mkono.

"Na waliosikia redioni, nao utawapandia basi?"

Nikimjibu mkwe redioni, naye atajibu, na kwetu salamu haiachwi bila kuitikiwa. Tutanunua kadi hadi mmoja wetu afe. Nisipomjibu, anayetazamwa vibaya jikoni kule ni Kabula.

Kesho nitakwenda dukani mapema, kabla wale niliowaeleza hawajafika.