Kikohozi cha Mama Kwenye Kaseti

Mpendwa Dada Winfred, naomba unisaidie, maana hapa nyumbani hakuna anayeniongelesha.

Mimi hutengeneza redio hapa mjini Machakos, na kwa miaka miwili nimekuwa nikirekodi sauti za mji, nyundo za mafundi wa masanduku ya bati, mashine ya kusaga unga, fagio za asubuhi sokoni, kisha nazipanga kwenye kaseti zisikike kama muziki, na watu wa ukumbi mmoja Nairobi wameipenda wakaniita niicheze Jumamosi hii mbele ya wageni. Shida ni mama. Yeye huuza ndengu sokoni na alikuwa na kikohozi, nami nikasikia kinaingia sawasawa katikati ya zile nyundo, nikawa namwekea kinasa sauti kila jioni, naye anakaa kwa stuli anauliza, "Muindi, mashine iko tayari ama ningoje?" Sikujua ameacha dawa za kifua alizopewa, mpaka dada yangu Mumbua alipozipata ndani ya kiondo, na mama akamwambia, "Hizo zinamaliza kikohozi, na Muindi hajamaliza kazi yake." Sasa amelazwa, Mumbua hapokei hata salamu yangu, daktari hajaambiwa habari ya dawa kwa sababu mama ametuapisha tunyamaze, na yeye mwenyewe anasema niende Nairobi. Niende na kaseti nzima, ama nikiondoe kikohozi?

Muindi, Machakos, Agosti 1998

Dada Winfred anajibu: Muindi, pole kwa mama. Wewe bado sikupi pole.

Masikio unayo, hilo nakubali. Lakini mama yako alikohoa mbele yako jioni baada ya jioni, ukasikia muziki tu. Najua hukumwambia aache dawa. Ila mama, yule wa kuwagawia watoto chakula chake akisema ameshiba, ulitarajia afanye nini alipoona kikohozi chake kinakufaa? Nimekukasirikia, na nimelia pia.

Hicho kiapo kivunje leo. Mwambie daktari mama aliacha dawa lini, na zile za kwenye kiondo umpelekee azione. Wewe na Mumbua mkapimwe kifua. Kwa Mumbua usijitetee, mwambie umekosa, basi.

Nairobi wapigie simu, huendi. Jumamosi wodi ikifunguliwa kwa wageni uwe mlangoni na uji, na kinasa sauti ukiache nyumbani. Mama atakiulizia tu. Mwambie kazi imekwisha, kisha umpe dawa mkononi.